Mwanao Asiyelala

Kambi ya Mkonge, upande wa Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Huko Matiri hamjambo? Kifua chako kimepoa? Mimi nipo, mwili mzima, ila usingizi umenihama. Dada Benedikta akikusomea barua hii asiruke kitu, hata ukianza kulia.

Tangu nipate habari kwamba mmemzika Baba bila mimi, nawaza shamba tu. Nani atafyeka majani na kuyalaza, ili ninyi wanawake mfukie udongo na ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, zipatikane? Ndiyo maana nikaomba zamu mbili, mchana na usiku, kipande changu, ile kadi ya siku za kazi, kijae upesi nirudi kabla mvua hazijakatika. Nilijiona naweza. Si mimi uliyekuwa ukinisifu kwa majirani, "Huyu wangu halali, nguruwe wote wanamjua"? Lakini nilipolinda mahindi usiku, mchana mliniacha nikorome mpaka jua linashuka. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Otmari wa Kitai, yule tuliyesafiri naye, alifanya kama mimi. Alianza kucheka ovyo, halafu akawa mgomvi, halafu akawa anasahau jina la kitu alichokishika. Dresa wa kambi, yule anayetutibu, akatuonya: "Mtu mzima anataka saa saba, nane za kulala, kila siku. Chai ya rangi si usingizi." Tukamcheka mpaka basi.

Juzi Otmari alisinzia amesimama, akilisha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Mkono ukaingia pamoja na majani. Mama, hakupiga kelele palepale. Alipiga baadaye, alipoamka.

Nyapara amenipa mimi nafasi ya Otmari. Nimekubali, maana kipande kimebaki kidogo. Lakini naogopa. Jana nilijimwagia uji miguuni nikadhani mvua imeanza.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, na Mjomba katekista, na Dada mwenyewe anayesoma hapa. Na Baba mwambie asihangaike na majani, nakuja kuyalaza mimi.

Mama, nimeisoma tena barua hii na nimeona nilichoandika hapo juu kumhusu Baba. Nilitaka kukifuta, nikaacha ujue nilivyo. Kengele ya zamu inagongwa. Naenda kulisha korona.

Ni mimi mwanao,
Kondradi