Tangi Letu Linavuja na Wifi Ameshaagiza Jipya

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa saba, mlima haujaonekana tangu Jumatano, na mimi nimenuna tangu Alhamisi.

Kwanza niseme hili, maana najua huko chini nitaandika maneno makali: nampenda mume wangu. Hii ni wiki ya sita tangu tufunge ndoa, na bado nikisikia pikipiki yake ikizimwa nje ya chumba chetu hapa Majengo nakimbilia kioo kujitazama. Elirehema ni fundi umeme na ana mikono mizuri kuliko mwanaume yeyote ninayemjua. Akisuka nyaya naweza kusimama nikamtazama mpaka ugali ukaungua.

Na nimemkasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi. Naandika kwanza daftarini, nitanakili kwenye simu nikitulia.

Chanzo ni tangi la samaki. Zamani lilikuwa mapokezi, kwenye gesti niliyofanya kazi. Elirehema aliitwa kutengeneza taa yake. Mara ya kwanza kumwona nilimwona kupitia maji yale: uso umetanuka, samaki mwekundu anapita kwenye paji lake, na yeye ananitazama mimi badala ya taa. Taa ilipona siku hiyohiyo. Yeye akaendelea kuja kuikagua wiki mbili nzima. Mwenye gesti alipobadilisha samani, Elirehema akaliomba tangi, akalisugua, na siku niliyoingia humu ndani kama mke wake nililikuta linawaka, samaki watatu wanazunguka. Nililia mbele ya wapambe wote.

Wiki iliyopita likaanza kuvuja kwenye kona ya chini. Tukaita fundi vioo, akapaka silikoni kwa nje, akagongagonga kwa kidole, akasema, "Limekwisha hilo, dada." Asubuhi yake zulia lilikuwa limelowa mpaka chini ya kochi. Maji yanasukuma kutoka ndani, yeye anapaka nje. Halafu akaniambia eti samaki ndio wanakojoa sana.

Basi samaki wakahamia kwenye ndoo, na sisi tukabaki na swali: tulitengeneze au tutafute jingine? Nilidhani ni swali letu sisi wawili.

Dada yake Elirehema, wifi yangu Aikande, yuko Arusha. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake na kumsomesha. Namheshimu kwa hilo. Alhamisi, nikiwa namenya ndizi, ukaingia ujumbe wake: "Wifi, nimeongea na mdogo wangu. Tangi jipya linakuja Jumatatu. Hilo kuukuu mpeni mtu, bi harusi hakai na mitumba."

Nimeongea na mdogo wangu.

Jioni mume wangu aliporudi sikusubiri hata avue viatu.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

"Lini? Wakati wanalishusha mlangoni?"

"Mke wangu, usikuze mambo. Ni kioo tu."

Kioo tu. Maneno hayo yamenikaa kifuani siku tatu kama mwiba wa dagaa. Yaani vile alivyonitazama kupitia kioo hicho, vile alivyokibeba mgongoni kukivusha ngazi tatu, ni kioo tu?

Nikiri jambo moja, kwa sababu hapa sidanganyi. Wifi ana hoja. Tangi limechubuka, na nyaya za runinga zinapita chini yake. Maji na umeme, Elirehema mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuogopa. Wangeniuliza, pengine ningekubali jipya. Ninachoumia ni kwamba hawakuniuliza. Leo ni tangi, kesho itakuwa kitanda, keshokutwa jina la mtoto, na mimi nitakuwa napokea ujumbe tu.

Leo asubuhi Elirehema alipanda Mwika kwa mama yake bila kunywa chai yangu, maana sikuipika. Mchana akarudi na chane mbili za ndizi na jani moja refu, jembamba, la kijani, limefungwa fundo. Akaliweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili. Akasimama. Mimi nikampa mgongo. Akasimama tena kidogo, kisha akatoka kwenda kukaa barazani.

Nikalitazama lile jani. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye samaki, nikaona amewaletea pambo. Amekubali tangi litupwe halafu analeta mmea wa kulipambia. Nilicheka kwa hasira, peke yangu. Nikalifungua fundo, nikakata ncha, nikalitumbukiza kwenye ndoo.

Akaingia kunywa maji, akaliona mle. Maji hakunywa. Alitoka tena, na mabega yake yameshuka kama ya mtu mwingine.

Mama Ndeshi, jirani wa mlango wa pili, mtu wa Masama, alikuja kuazima chungio. Macho yake yakaanguka kwenye ndoo.

"We bi harusi, isale linafanya nini humo?"

"Mume wangu kawaletea samaki."

"Samaki?" Akashika kiuno. "Mwanaume wa Kichagga akuletee isale lenye fundo, wewe unawalisha samaki? Anakuomba msamaha huyo, mwanangu. Likishaletwa halikataliwi. Watu waliotaka kuchinjana walisameheana kwa jani hilo."

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, wazazi wangu ni watu wa Singida. Masale niliyaona mipakani mwa mashamba ya watu nikayajua kama ua basi. Hakuna aliyewahi kuniletea moja mkononi.

Aibu ilinipanda. Halafu, nashangaa mwenyewe, hasira ikapanda juu ya aibu. Kwa nini alete jani lisilokataliwa badala ya kufungua mdomo?

Nikalitoa kwenye ndoo, nikalifuta kwa khanga, nikalifunga fundo baya baya. Nikamfuata barazani.

"Sikujua," nikamwambia. "Sasa najua, na nimelipokea. Ila dada yako utampigia wewe, sasa hivi, umwambie tangi asilete, na mimi nasikia."

Akatoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jumatatu asubuhi hapo nyumbani pawe na mtu."

"Dada, asante sana, lakini hapana. Hili tutalitengeneza."

"Nani kasema? Mke wako?"

Akanitazama. "Tumesema sisi."

Nilisikia jogoo wa Mama Ndeshi akikwaruza mchanga.

"Haya," wifi akasema. "Siku mkiamka mnaelea humo ndani, msinipigie."

Akakata. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia mume wangu palepale, watu wote waone. Sikufanya lolote. Nilikaa pembeni yake tu, bega kwa bega, nimenuna.

Mama Ndeshi anasema isale likipokewa hasira inaisha. Yangu haijasikia. Imebaki robo tatu, na sijui watu wa huku huwa wanaipeleka wapi.

Ila kazi ipo. Silikoni yote ya zamani lazima ikwanguliwe kwa wembe, ndani na nje, kona zote nne, mpaka kioo kibaki kitupu na kikauke, ndipo ipakwe mpya ile isiyoua samaki. Elirehema alisema ataifanya yeye kesho tukitoka kanisani. Nimemwambia aniachie mimi wembe, yeye ashike taa.