Mashine Iliyosahau Siku

Jumatatu, 19 Aprili 2004

Nimekama ng'ombe, nimekata majani, nimeifuta kompyuta vumbi kwa kanga ileile ya kila siku. Umeme umerudi asubuhi. Siku nne tumekaa gizani kwa sababu ya nguzo iliyoangushwa na mvua. Nikawasha. Mashine ikalia mara moja, ikatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikasimama hapo. Nikangoja. Nikabonyeza kila kitufe. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Mara sita.

Kadi za komunyo ya kwanza zimo humo ndani, majina ya watoto thelathini na mmoja. Nilimaliza kuzichapa siku umeme ulipokatika. Kwa vidole viwili, lakini nilimaliza.

Nina hasira.

Jumanne, 20 Aprili

Mzee Klemensi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kashasikia. Amekuja na mpwa wake mwenye duka la kompyuta mjini. Huyo mpwa amevaa viatu vyeupe kwenye tope la Kibosho, hiyo peke yake inatosha kunionyesha akili yake. Akawasha, akazima. Hakukaa hata kwenye kiti. Hakufungua hata skrubu moja. Akasema bodi imekufa.

Mzee Klemensi akasema kikao cha Jumapili kitaamua. Anataka mashine ishushwe mjini, ikae dukani kwa mpwa, akina mama wawe wanaifuata huko. "Mama Anjela, umri wako na vitu hivi," akaniambia. Mimi na yeye tulikaa dawati moja mpaka darasa la nne. Alikuwa ananakili hesabu zangu.

Anjela wangu aliitoa Dar mashine hii na printa yake, akaikabidhi kikundi cha akina mama ili mtu asipoteze siku nzima kushuka Moshi kwa ajili ya karatasi moja. Kikundi kikanipa mimi niitunze. Ikishuka haipandi tena. Nawajua.

Wao wana Jumapili yao. Mimi nina siku tano.

Jumatano, 21 Aprili

Nimenakili maandishi ya kwenye kioo. Kiingereza sikijui, nimechora herufi moja moja kama nilivyoziona. Saa nzima. Kisha nikashuka mjini na karatasi yangu hadi kwa fundi Rashidi, nyuma ya soko. Ndiye aliyekuwa akitengeneza redio ya marehemu mume wangu. Siku hizi anafungua na kompyuta.

"Shikamoo bibi. Hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Hujakosea hata nukta."

Najua.

Akanieleza. Ndani ya mashine mna betri ndogo kama sarafu. Hiyo ndiyo inayokumbuka saa na tarehe umeme ukikatika. Imekwisha. Kwa hiyo mashine imesahau leo ni siku gani, na imesahau na mipangilio yake yote. Haiendelei mpaka mtu aingie sehemu inayoitwa setapu aikumbushe. Kuingia ni kubonyeza kitufe chenye herufi DEL mara tu inapowaka. Akanipa betri. Akanionyesha inapokaa, kwenye mashine mbovu aliyonayo pale. Akaniandikia hatua zote kwa herufi kubwa.

Bodi imekufa, eti. Kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi ya mume wangu. Ndani vumbi na buibui mmoja. Buibui nimemtoa, betri nimeweka. Nikawasha, nikabonyeza DEL. Haikusikia. Nimebonyeza polepole. Nimebonyeza kama natwanga. Yenyewe imeandika bonyeza, nabonyeza, inanitazama tu. Niliwahi kuwa na mkwe wa namna hii.

Nikiwa nakula kiburu cha ndizi na maharage nikakumbuka jambo. Vile vitaa vitatu vya kibodi haviwaki. Zamani vilikuwa vinawaka. Naandika hapa nisisahau.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimempigia Rashidi simu. Mtandao unashika nyuma ya zizi tu, tena mpaka upaze sauti. Nikamwambia habari ya vitaa. Akauliza waya wa kibodi una kichwa gani, bapa au duara. Bapa, nikasema. Anjela aliniletea mpya Krismasi, ile ya zamani ilikuwa imefutika herufi.

Fundi akacheka. Akasema kwa mashine ya umri ule, kibodi ya bapa haisikiki wakati wa kuwaka mpaka ipewe ruhusa, na ruhusa inaandikwa humohumo kwenye setapu. Setapu imesahau. Kwa hiyo ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Dawa ni kibodi ya kichwa cha duara, hiyo haiombi ruhusa. Anazo tatu dukani, nishuke nichukue.

Nikavaa viatu. Nimefika mtoni, daraja limekwenda na maji. Hakuna gari, na kwa miguu havuki mtu. Wanasema mpaka wiki ijayo. Kanisa liko upande wetu, kwa hiyo kikao kiko palepale.

Kibodi ya zamani najua ilipo. Niliitupa shimoni mwenyewe. Wifi yangu Felista, dada wa mume wangu, akaiokota, anafundishia herufi watoto wa chekechea yake. Nilimwona akiiokota, nikageuza uso. Ni hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu.

Hatusemeshani tangu Septemba. Maji ya mfereji wa mashamba.

Siendi.

Jumamosi, 24 Aprili

Siendi.

Jioni. Nimekwenda.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Septemba nilimkuta Felista amefungulia maji ya mfereji yaingie shambani kwake. Nikamwita mwizi mbele ya wanawake wote. Nikafunga mlango wa maji kwa mikono yangu. Ilikuwa Alhamisi. Zamu yangu ni Jumatano, Alhamisi ni yake. Nilikosea siku. Nililijua hilo jioni ileile, nikanyamaza miezi saba. Nimekaa wiki nzima naitukana mashine kwa kusahau siku.

Kwa kosa kama hilo maneno matupu hayatoshi. Nikakata jani la isale, nikalipiga fundo. Mchagga ukimletea isale hawezi kukataa kukusamehe. Lakini kulibeba ndiyo kazi. Watu wanakuona nalo mkononi, na kila mtu anajua maana yake. Zile hatua mia zilikuwa kama kupanda mlima.

Felista alikuwa anachambua mboga ya mnafu. Akalitazama jani kwa muda mrefu.

"Hili umelikata kwenye mpaka wangu."

"La kwangu limeliwa na mbuzi."

"Hata kuomba radhi unaiba, wifi."

Akalipokea. Akanivutia kigoda. Nikasema nilikosea siku, na kwamba nilijua. Akasema hata yeye alijua kwamba najua. Kibodi sikuitaja. Nilishindwa. Ukileta isale kwa ajili ya kitu unachokitaka, hiyo si radhi, ni biashara. Nikaaga. Bora nishindwe kesho kikaoni.

Nimefika kwenye kizingiti ndipo akasema, "Na kibodi unamwachia nani?"

Nikageuka.

"Jana ulikuwa unampigia kelele fundi nyuma ya zizi. Kijiji kizima kinajua bapa na duara."

Nikamwambia sasa ataona kama niliomba radhi kwa sababu ya kibodi. Akasema ndiyo, nusu. Na nusu nyingine itamtosha.

Akanifuata nayo mpaka kwangu. Watoto wameipaka uji. Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto. Nikachomeka. Vitaa vitatu vikawaka. Nikabonyeza DEL. Kioo kikawa buluu.

Tarehe iliyokuwemo ni ya miaka sita nyuma. Nikaandika ya leo. Kisha nikafuata karatasi ya Rashidi na aliyoniambia kwa simu, nikatafuta mstari wenye herufi U, S, B, ndio wa kichwa cha bapa, nikaupa ruhusa. Felista alisimama nyuma yangu akinipulizia kisogoni. Nikahifadhi. Mashine ikawaka mpaka mwisho. Kadi zote thelathini na moja zimo.

Jumapili, 25 Aprili

Kikao baada ya misa. Mzee Klemensi amesema mashine imekufa, na daraja likitengenezwa mpwa wake ataifuata. Nikasimama, nikaweka kadi mezani mbele yake. Nikasema bodi iliyokufa imechapa hizi alfajiri.

Akazipekua. Akasema ni vizuri, ila mjini kuna usalama zaidi. Nikasema haishuki. Akasema tusiwe na haraka. Nikasema mimi sina haraka, nimesimama tu hapa, na haishuki.

Felista akasimama. Watu wakageuka wote, walitegemea anizomee. Akasema mashine ni ya akina mama na inakaa kwa wifi yake. Wakasimama wengine. Hatukuhesabu mikono, hapakuwa na aliyebaki amekaa ila Mzee Klemensi na katibu.

Jina la mjukuu wa Klemensi kwenye kadi nimeliacha sawasawa. Nilifikiria kuliharibu.

Alhamisi, 29 Aprili

Mvua imepumzika. Nimewasha mashine kwa kibodi mpya, imesikia. Pale pembeni imeandika tarehe ya leo.

Kibodi ya zamani nimeirudisha chekechea. Watoto walikuwa wanaimba herufi, sikuingia. Nimeitundika kwenye msumari.

Leo ni zamu ya Felista. Mafuriko yameziba mfereji kwenye mlango wake. Nimechukua jembe, nimezoa tope peke yangu, polepole, mgongo hauna haraka siku hizi. Maji yakapita upande wake. Nikasimama kidogo kuyatazama.