Firigisi Aliyoniwekea Nasimiyu

Jumapili, 6 Aprili
Habari ya bei ya mahindi ya Tongaren imetumwa. Mhariri hajajibu. Hapa nyumbani, Kitale, hali ni ileile. Nasimiyu, binti ya mke wangu Nekesa, anakula jikoni peke yake. Wambui, binti yangu, amechoka kumwita mezani. Tangu mimi na mamake tuoane, Nasimiyu haniiti kwa jina lolote. Akinihitaji, husimama mlangoni mpaka nimwone. Babake alizikwa Bumula. Nyanyake wa huko amesema likizo ikiisha kabla mtoto hajatulia, atamchukua. Nataka abaki. Sioni dalili.

Jumamosi, 12 Aprili
Nasimiyu kapika kuku. Alikataa msaada, hata wa mamake. Akaketi nasi mezani, mara ya kwanza. Firigisi aliiweka kwenye sahani yangu. Nilifurahi. Nikaikata vipande, nikampa yeye na Wambui. Nilitaka wajue hakuna mtoto mkubwa wala mdogo kwangu. Wambui akatafuna akitania, ati sasa yeye ndiye mzee wa boma. Nilicheka. Nasimiyu hakugusa chake. Akaondoa vyombo.

Jumapili, 13 Aprili
Nekesa amenieleza tulipotoka kanisani. Kwao, Wabukusu, firigisi ni ya baba wa nyumba. Haigawanywi. Tangu babake afe, Nasimiyu hajampa mtu yeyote.
"Alikuwa anakuita baba," Nekesa alisema. "Wewe ukamrudishia."
Miaka yote hii naandika habari za Bungoma. Kwetu, familia za Wakikuyu waliohamia huku, kuku ni kuku tu. Sikuuliza.

Jumatano, 16 Aprili
Nimemwomba Nasimiyu msamaha. Nilieleza kwamba sikujua. Alisikiliza kwa adabu, macho chini. Nikasema nitanunua kuku mwingine.
"Si lazima," alisema.
Jioni alikula jikoni.

Jumamosi, 26 Aprili
Nyanya amekuja. Alikuwa amesikia yote. Nasimiyu alimpigia kwa simu ya mamake. Nyanya hakugombana na mtu. Alikunywa chai, akauliza habari za mvua, kisha akasema kama mwanamume hataki kuwa baba, mtoto ana kwao. Nilieleza tena. Maelezo yangu yalikuwa sahihi. Hayakusaidia. Nekesa alilia, hakubisha. Mfuko wa Nasimiyu ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.
"Si ungengoja tu kidogo, bana," Wambui alimwambia.
Nasimiyu akabeba mfuko, akamfuata nyanyake.

Jumamosi, 10 Mei
Kazi ilinipeleka Bungoma. Nikapitia Bumula. Nasimiyu alinitolea kiti chenye kitambaa, akaninawisha mikono, akaleta chai na viazi vitamu. Aliuliza kama Wambui ni mzima. Nikasema ni mzima. Aliniongezea chai kabla sijaomba. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akanishukuru kwa kuwatembelea. Hakukosea lolote. Hivyo ndivyo wageni hupokewa.