Karatasi ya Kulinda Batoto

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu
Batoto tano leo. Mapacha ya Mwalimu Béatrice, yule wa kutoka Kasai, balitapika uji. Nilifua mara mbili. Mvua. Nguo haikukauka.

Mwanzo nililinda moja tu, Mariamu, mutoto ya jirani yangu Zaina. Ana mwaka moja na miezi mbili. Zaina anauzisha vitenge, wiki moja Beni, wiki ingine Eringeti. Kisha bamama bengine balisikia. Sikutafuta kazi hii. Tangu bwana yangu alikufa kule Eringeti na nikakimbilia Butembo, ni makelele ya batoto tu inaniamsha.

Jumatano, 5
Mama wa bureau ya serikali, ile inaangalia mambo ya batoto, alifika. Mutu wa Kinshasa, mupole, Swahili yake ni ya kujifunza. Aliangalia mbabula ya makaa, choo, mahali batoto balalia. Alisema kushikia jirani mutoto saa kidogo ni msaada, hakuna mutu atauliza. Lakini kupokea batoto ya nyumba nyingi kila siku, ile inaomba kuandikishwa. Nilete dossier, ni kusema karatasi zangu zote za kuomba ruhusa.

Naogopa. Sijawahi kuandikishwa kwa kitu, ila kwa liste ya bakimbizi.

Ijumaa, 7
Nimepeleka. Picha, karatasi ya munganga wa hospitali, karatasi ya chef wa quartier, mukubwa wa mtaa. Mama wa bureau alipiga tampon, ule muhuri wao, akanipa karatasi ingine, akaeleza kwa Kifaransa. Mingi. Nilisikia “attendre”, kungoja. Nilisikia “interdit”, imekatazwa. Batu balipanga mustari nyuma yangu. Nilijibu “oui, madame”. Mara mbili.

Niliacha shule darasa la ine. Haya ilinifunga kinywa.

Basi ni kungoja. Hakuna mutoto hapa mpaka bajibu. Karatasi nimeweka chini ya godoro.

Jumamosi, 8
Nimeambia bamama bote. Zaina alifika wa mwisho.

“Mama Masika, hata Mariamu peke yake?”

“Hata yeye. Bakimukuta hapa, batanifungia kabisa.”

“Nitamuweka wapi? Jumatatu niko na safari ya Eringeti.”

“Na dada yako?”

“Iko Kanyabayonga, mbali.” Alikaza kitenge kiunoni. “Haizuru. Nitamubeba.”

Hakukasirika. Ningependa akasirike.

Jumatatu, 10
Nyumba kimya. Nilifagia, nikarudia kufagia. Asubuhi Zaina alipita na bidhaa yake, mutoto mugongoni, kofia ya sufu. Mariamu aliniona, akaninyoshea mikono. Niliingia ndani.

Jumanne, 11
Katungu, anayeuzisha pembeni ya Zaina sokoni, alikuja mbio. Batu ya bunduki balishambulia gari kwa barabara ya Eringeti. Simu ya Zaina haipiti.

Saa tisa simu ya Katungu ililia. Zaina iko hospitali Beni. Mguu.

Mariamu amekufa.

Jumatano, 12
Hakuna kitu.

Ijumaa, 14
Nimefika Beni. Mariamu alizikwa siku ileile alikufa, bajomba yake ndio balimuzika, vile Baislamu banafanya. Sikuona hata kaburi.

Zaina alilala, mguu umefungwa, midomo imekauka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ndani ya gari. Yote ilipotea.

“Ni mimi nilimukataa,” nilisema.

“Uliogopa,” alisema. “Na mimi niliogopa. Lakini nilienda.”

Aligeukia ukuta. Nilikaa karibu na kitanda mpaka bakafukuza bageni. Sijui kama alinisamehe. Sizani. Na sikuomba.

Jumatatu, 17
Nilichukua ile karatasi, nikapelekea Mwalimu Béatrice. Nilitaka aniandikie barua ya kutoa dossier yangu. Sitaki tena kazi hii.

Alisoma. Akarudi juu, akasoma tena, polepole. Kisha alinitazama namna mutu anatazama mugonjwa.

“Mama Masika, nani alikuambia kufukuza batoto?”

“Iko ndani pale.”

“Hapana. Hapa banaandika: batoto ulikuwa nabo utaendelea nabo, wakati dossier inaangaliwa. Kitu banakataza ni kupokea bapya.”

Nilimuomba arudilie. Alirudilia. Nilimuomba tena. Hapo akaanza kulia, na mimi sikulia.

Ruhusa ilikuwa yangu tangu ile Ijumaa. Nililalia juu yake. Mama wa bureau hana kosa, alisema yote. Ni mimi nilijibu oui. Kama ningesema neno moja tu, Mariamu angekuwa hapa anatupa uji chini. Nilitaka kupasua karatasi. Nikaikunja tena.

Jumapili, 23
Sikuenda kanisani. Banaimba kule, nasikia mpaka hapa. Ninachukia kila mutu anayeimba. Ninajichukia zaidi.

Alhamisi, 27
Bureau baliniita. Dossier imekubaliwa. Nilimuambia mama wa bureau yote, kwa Swahili, polepole. Aliweka bic, kalamu yake, chini.

“Kama ungeniuliza, Mama. Hata kwa Kinande, luga yako. Tungetafuta mutu wa kutafsiri.”

“Ndiyo.”

Nilirudi kwa miguu.

Jumatatu, 31
Muke ya askari moja wa jimbo ya Équateur alibisha mulango. Lingala mingi, Swahili kidogo. Alibeba mutoto mwanamuke. Anaomba nimushikie mpaka midi, saa sita, anapeleka mutoto wake mukubwa kwa munganga.

Nilitaka kusema hapana. Mutoto alikuwa na homa kidogo, shingo jasho. Nilinyosha mikono.

Nilimuuliza jina, anakula nini, anakunywa dawa gani, nani atakuja kumuchukua. Neno moja lilinipita.

“Sijaelewa,” nilisema. “Rudilia.”

Alirudilia. Ilikuwa jina ya dawa.

Amelala sasa kwa mukeka. Inzi moja inamuzunguka. Ninaifukuza.