Mtoto Aliyekaa Nyuma ya Hesabu

Jumanne mchana. Mvua imetushika tangu asubuhi, na vilima vimezama kwenye ukungu. Ninaandika kwa simu, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. Laptop iko mezani na Mama ameketi mbele yake.

Nianze na kaseti.

Wiki iliyopita Papa Anselme, aliyefundisha hesabu pamoja na marehemu baba, aliniletea kaseti aliyoikuta katika sanduku lake la vitabu. Zamani shule yao hapa Masisi ilikuwa na kompyuta moja, ile ya kibodi tupu inayounganishwa na televisheni, na masomo, aliyoyatunga baba, yalihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, kama za muziki. Mashine yenyewe iliibwa wakati wa vita. Lakini mimi ninatengeneza simu sokoni, na nina kiburi changu: sipendi kifaa kinishinde.

Leo nilipitisha sauti ya kaseti kwenye programu inayojifanya kuwa mashine ile. Mara mbili ilikwama. Mara ya tatu skrini ikauliza: 7 x 8 = ?

Nilicheka peke yangu. Baba alikufa nikiwa bado ninanyonya, na maneno ya kwanza kuyapata kutoka kwake ni swali la hesabu.

Nikataka kulihifadhi. Kuna programu nyingine ndogo inayosoma kumbukumbu ya mashine hizo na kutoa picha zilizomo, hata zile ambazo skrini haizionyeshi. Nikaifungua. Swali lilikuwepo, na chini yake kulikuwa na sehemu nyingine iliyojaa vidoadoa, kama mchanga uliomwagika. Hapo inabidi uiambie programu upana wa mstari, la sivyo picha inalala upande. Nikaongeza upana polepole, namba baada ya namba, mpaka vidoa vikasimama vikawa uso.

Mtoto wa kike. Macho yangu. Mwanya wangu. Hata sikio la kushoto linalochomoza, lililonitesa shule nzima. Chini yake herufi kubwa: RIZIKI, MIAKA 7.

Baba alinichora! Nilikimbia mlangoni kumwita Mama.

Nilikuwa nimekwisha kumwita ndipo nikakumbuka. Baba alikufa sijatimiza hata mwaka; miaka saba yangu hakuiona.

Niliogopa. Nasema kweli, mchana kweupe, niliogopa kurudi pale mezani.

Mama akaingia na ndoo ya maziwa. Akaangalia. Akaiweka ndoo chini taratibu, akavuta kiti.

“Njo yeye,” alisema. Ndiye, kwa Kiswahili chetu cha hapa.

“Nani, Mama?”

“Riziki.”

“Riziki njo mimi.”

“Wewe ulikuja nyuma yake. Homa ilimukamata mu njia, tulikuwa tunakimbia kwenda Walikale. Tulimuzika Kibua. Kisha wewe ukazaliwa na sura yake, papa yako akasema jina isipotee.”

Alisema hayo bila kulia, macho kwenye skrini. Kumbe baba alimficha mtoto wake nyuma ya maswali ya hesabu, na kaseti ikamtunza miaka yote hii. Labda picha ilikuwa zawadi, atokee mwanafunzi akijibu yote vizuri. Sijui, na wa kumuuliza hayupo.

Hapa kwetu watu wote wanamwita Mama Riziki. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Sasa nawakumbuka wale mama wazee wa kanisani, wanavyonishika mkono na kuniangalia usoni muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Walikuwa wanajua.

Nina wivu. Ni aibu kumwonea wivu mtoto aliyelala Kibua, lakini ndivyo ilivyo. Yeye alichorwa na baba. Mimi hata jina nimeazimwa.

Ninachotaka kujua ni kimoja tu, na sina ujasiri wa kukiuliza: siku zote Mama akiniita, huwa anamwita nani?

Ameita sasa hivi. “Riziki.” Sauti ya chini, ileile anayoitumia kunituma maji.

“Niko, Mama,” nimeitika.

Hakugeuka. Amesogeza kiti karibu zaidi na skrini, na bado anangoja kujibiwa.