Barua Yako kwa Bi Esta Haikupelekwa

Shangazi yangu Zuena,

Barua yako haikupelekwa. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, kwa kuwa wewe ulikuwa humpendi mtu mwenye habari mbaya akazungushazungusha maneno. Haikupotea posta, haikukwama njiani, wala Bi Esta hakukusahau. Ilikaa miezi minne ndani ya saraka ya meza ya Ami Khalfan, kaka yako, katika nyumba ile ile ambamo wewe ulikuwa umelala ukingoja majibu yake.

Nimengoja arobaini yako ipite ndipo niandike, asije mtu akasema nimeivuruga khitma. Khitma imesomwa, haluwa imeliwa, vikombe vya kahawa vimeoshwa. Sasa ni zamu yangu. Na ninaiandika wazi, aisome kila atakaye, kwa sababu uongo uliosemwa juu yako nao ulisemwa mbele za watu.

Unaikumbuka simu yetu ya sebuleni, hapa Hamriya, Maskati? Nilikuwa bado msichana wa sekondari ulipopigwa na kiharusi kule Manchester, mjane, huna mtoto, mkono na mguu wa kushoto vimekufa ganzi. Kila Ijumaa baada ya sala Ami alikupigia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Inshaallah, Zuena, tunakuja. Mwezi huu huu." Nawe ukijibu, "Njooni, nnakungojeni." Miaka minne, Shangazi! Miaka minne ukoo wenye wakurugenzi, wahandisi na mawakala wa meli bandarini haukupata mtu mmoja wa kupanda ndege.

Waliokuja ni Mayahudi wa mtaa wako. Ulinisimulia mwenyewe, miaka hiyo minne ilipopita, ulipokwisha kuletwa Maskati na kulazwa chumba cha uani, nami nikikukanda mkono. Walikuwa na jumuiya yao ya hisani katika ukumbi ulio ubavuni mwa sinagogi, na mlangoni pa ukumbi ule hakuulizwa mtu dini yake. Jumanne na Alhamisi wazee wa mtaa walikula hapo pamoja: Mayahudi, Wairishi, na yule mzee wa Jamaika aliyekuwa akikuibia karata. Asiyeweza kutembea alipelekewa chakula cha moto mpaka kwake. Wakimbizi Wasomali walisaidiwa kujaza fomu zao. Mwanamke aliyepigwa na mumewe alipata mtu wa kufuatana naye mahakamani. Wakati wa baridi ukumbi ulifunguliwa tangu asubuhi kwa yeyote ambaye nyumba yake haina joto.

Na kwako alikuja Bi Esta, mwalimu mstaafu, mwanamke wa amri, aliyekutafutia nyama ya halali kwenye bucha la Wapakistani bila ya kuombwa, akakupeleka hospitali, akakugombeza ulipoacha dawa. Mguu ulipopata nguvu kidogo, siku yako ya kwanza ukumbini, alikunyima chai ya maziwa, kwa sababu mlikuwa mmetoka kula nyama, na kwao maziwa na nyama havikutani. "Mimi nikadhani maziwa yamewaishia, maskini," uliniambia huku ukicheka. "Safari ya pili nikenda na kopo langu la maziwa mkobani!"

Kisha ikaja siku ya lile neno. Mlangoni palikuwa na kisanduku cha bati cha michango. Ukamwuliza Bi Esta ni cha nini, akakujibu: "Tsedaka." Wewe ukasikia sadaka. "Wallahi, mwanangu, nilidhani mwanamke yule kazaliwa kwetu Kikwajuni!" Ukaanza kumsemesha Kiswahili pale pale, kwa furaha ya mtu aliyekaa miaka hana wa kusema naye lugha yake, ukimwuliza yeye binti ya nani na kaondoka Unguja lini, mpaka mkagundua kosa mkacheka hadi machozi. Ndipo akakueleza kwamba kwao, kwa Kiebrania, neno hilo halitokani na huruma. Linatokana na haki. Mwenye nacho anamfikishia asiye nacho kilicho chake, basi, na hana la kujisifia.

Mimi nilikuwa nani siku uliponisimulia hayo? Mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimetoka kwenye maandamano ya chuoni, sauti imenikauka kwa kulipaza jina la Palestina. Niliuachia mkono wako kama kaa la moto.

"Shangazi! Umekula chakula chao?"

Hukukasirika. "Nilikuwa na njaa, bibi we. Na huyo alonibebea sufuria ghorofa tatu hajabomoa nyumba ya mtu."

Hasira yangu kwa nyumba zinazobomolewa ingalipo, na haitaondolewa na sahani ya mtu yeyote. Lakini siku hiyo ulinivua ujinga wa kumtwisha mwalimu mstaafu wa Manchester mzigo wa majeshi asiyoyaamuru. Wahadhiri wangu, kwa vitabu vyao vyote, hawajanifunza somo zito kuliko hilo.

Ukaniambia nichukue kalamu. Ulitamka kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kiingereza, ukinirudisha kila nilipotaka kuyapamba maneno yako. Ulitaka mambo mawili tu. Bi Esta ajue kuwa umefika salama na kwamba huoni aibu kumtaja, na majibu yake yakija, yasomwe mbele ya jamaa zetu wote, "wajue kama nlikuwa na watu, sikutupwa." Nilimkabidhi Ami bahasha, maana ufunguo wa sanduku la posta anao yeye. Akaitia mfukoni. "Tayyib, vyema," akasema, "kesho."

Ukangoja. Kila adhuhuri alipoingia ulimwuliza, "Khalfan, posta hawajaleta kitu?" Naye bila ya kupepesa jicho: "Hapana kitu, Zuena. Watu wale ndivyo walivyo. Ukishaondoka, wamekwisha kukusahau."

Aliyeiona bahasha ni Rehema, dada wa Tanga aliyekuwa akitufanyia kazi za nyumbani. Ninamtaja kwa kuwa mkataba wake umekwisha na yuko kwao salama. Alitumwa kuchukua miwani sarakani, akarudi na kunivuta jikoni. "Dada, barua ya bi mkubwa ipo humo humo, juu ya pasipoti yangu. Ila mimi sijaona kitu, sawa? Kafili akijua nimekwisha." Kafili, mdhamini wake, ndiye Ami. Tazama vilivyofungiwa pamoja katika saraka moja, Shangazi: shukrani yako na uhuru wake.

Nilimwendea Ami. "Barua ya Shangazi hukuipeleka."

"Unataka nifukuzwe? Mimi mtu wa wizara, niandikiane na Mayahudi kwa sanduku langu la posta? Na watu wakijua Zuena kala sadaka yao, nyuso zetu tutaziweka wapi?"

"Tuliziweka wapi miaka minne tuliyomwacha peke yake?"

"Toka mbele yangu! Chuo kimekuharibu." Nilipofika mlangoni akaongeza kwa sauti ya chini, "Na ukenda kumwambia, utamwua. Moyo wake hauwezi."

Nikamwamini. Hapana, niseme kweli: nilipenda kumwamini, kwa kuwa ilinipunguzia kazi. Mimi ninayesimama juu ya viti chuoni, mimi ninayewaita wenzangu waoga, nilikaa siku tisa kando ya kitanda chako, ukiniuliza kama posta wamekuja, na nikajibu, "Bado, Shangazi." Ulikufa ukiamini kuwa Bi Esta amekusahau. Simsamehi Ami kwa hilo. Mimi sithubutu hata kuomba kusamehewa.

Siku ya tatu ya matanga sauti ya Ami ilitufikia wanawake kupitia ukutani. "Marehemu kule alikuwa mikononi mwa Waislamu wenzake, na sisi hatukumpungukia kwa kitu." Wazee wakaitikia, "Alhamdulillahi." Mke wa jirani akanigusa goti: "Ami yako mtu wa sadaka huyo, mashaallah."

Sadaka! Sisi tumelichukua neno hili kwa Waarabu, na kwa Waarabu limezaliwa na sidqi, ukweli. Kwao haki, kwetu ukweli. Niambie basi, ni sadaka gani hii inayosimama matangani na kusema uongo? Tunajua kupeleka masinia msikitini Ramadhani, tena yafunikwe vitambaa vizuri, tena yajulikane yametoka nyumba gani. Lakini nani kati yetu amepanda ghorofa tatu na sufuria kwa mzee asiye wa ukoo wake? Nani amekwenda Sidab, kwa wavuvi, kumwuliza mjane kama ana dawa? Nani amemshika mkono mtumishi wa nyumba ya jirani, anayeumwa katika kichumba cha nyuma, akamfikisha kwa daktari bila ya kuuliza kwanza kafili wake nani? Tumetosheka na kuwa watu wema wa jamaa zetu, na hata jamaa zetu tumeshindwa kuwatunza. Sioni aibu kwamba Mayahudi walimlisha shangazi yangu. Ninaona aibu kwamba walimkuta na njaa, na sisi tupo, tunapiga simu kila Ijumaa.

Jana nilimwomba Ami ufunguo wa saraka. Alinitazama sana, akautupa mezani. Nikaichukua barua yako, nikaenda posta kwa miguu yangu. Nimeitia bahasha yako ndani ya bahasha kubwa pamoja na karatasi moja ya kwangu, kumweleza Bi Esta kuwa umefariki, na kwamba kila adhuhuri ulimwulizia, na kwamba kosa ni letu. Anwani ya kurudishia nimeandika ya chuo, kwa jina langu kamili. Majibu yakija nitayasoma barazani kwetu, wanaume wakiwapo na Ami akiwapo. Atakayetaka kunitoa na anitoe.

Karani wa posta, nilipomwambia barua yako imekaa sarakani miezi mingi, aliuliza kama ninataka kuifungua kwanza nione kama kuna la kusahihisha. Nikakataa. Sentensi yako ya mwisho sikuigusa, ile uliyonitamkia hivi: "Mimi mzima, Esta. Niandikie upesi, nnangoja."

Lala salama, Shangazi. Mola akupe wenye kukuzuru huko, wasio na ahadi za Ijumaa.

Ni mimi, binti wa marehemu kaka yako, niliyekuandikia na nisikupelekee.