Ada ya Naomi

Jumanne, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimepalilia kabichi za bondeni, nimerudi nimelowa chapachapa. Naomi karudi kutoka kazini, kala bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mlenda, kafungua vitabu. Kila siku hivyo. Mke wangu ni msaidizi wa maabara katika hospitali moja hapa Lushoto. Anasomea diploma ya maabara huko Tanga, wiki moja chuoni, tatu kazini. Mwaka wa kwanza unaisha kwa mitihani inayoanza Jumatatu ijayo.

Niliuza ng'ombe kwa ajili ya ada. Hospitali hailipi mbele. Mfanyakazi analipa mwenyewe, anasoma, akifaulu masomo yote ya mwaka anapeleka risiti na matokeo, wanamrudishia. Akifeli, kajisomesha. Akishamaliza, anawatumikia miaka miwili. Akiondoka kabla, anarudisha walichompa. Kaka yangu Yonathani anasema ni mtego. Sioni kama ni mtego, ila naogopa. Fedha ya marejesho ndiyo ada yetu ya mwaka wa pili. Ng'ombe mwingine hatuna.

Jumapili, 11 Mei
Tumetoka kanisani tukasikia mlima umeporomoka chini ya Soni. Magari hayapiti. Mtihani kesho asubuhi.

Naomi hata hakukaa. Kabadili nguo, kachukua mkoba, tukapanda bodaboda mpaka barabara ilipoishia. Tope la magoti. Mawe madogo bado yanadondoka. Nikamwambia turudi, chuo kitaelewa.

"Kitaelewa," akasema, "na mwaka utakuwa umepotea."

Kavua viatu, katangulia. Mimi niliyezaliwa kwenye miteremko hii nilimfuata nimeshika ncha ya kanga yake. Ng'ambo kulikuwa na gari la kwenda Mombo. Kaingia na matope yake, kanipungia mkono. Nimemwoa mtu jasiri kuliko mimi. Naandika hili bila haya.

Ijumaa, 13 Juni
Matokeo. Kafaulu yote isipokuwa biokemia. Anarudia Julai.

Kayasoma kwenye simu akiwa mlangoni pa jiko. Kaiweka simu, kaendelea kusonga ugali. Nilikasirika. Na hospitali, na barabara, na yeye pia. Jioni Yonathani kaja kuuliza. Nikamwambia bado hayajatoka. Uongo.

Jumatatu, 16 Juni
Nilimshauri anyamaze mpaka arudie. Hakunisikiliza. Kaenda mwenyewe kwa katibu wa hospitali, mzee asiyecheka. Kamwamkia shikamoo, kamweleza: nimefeli somo moja, narudia Julai, naomba jina langu lisiondolewe.

Mzee kamjibu kuwa utaratibu unataka awe amefaulu masomo yote kabla Agosti haijaisha. Hausemi lazima iwe kwa mara ya kwanza. "Ukija na matokeo safi kabla ya hapo, nitakulipa. Ukichelewa, mwanangu, sitakuwa na la kukusaidia."

Hilo nalielewa. Lililonishinda ni hili. Zubeda, msichana anayefanya naye kazi, anataka kuanza masomo mwaka huu. Wakati wa chai kamuuliza Naomi kama inafaa. Naomi kamweleza yote, na kufeli kwake humohumo, mbele ya wenzao.

"Nimefeli moja, sijafa," kamwambia. "Ila kabla hujaanza, muulize katibu kama kozi yako inahusiana na kazi yako, maana nyingine hawazilipi. Na uwe na ada ya mwaka mzima mkononi. Marejesho yanakuja nyuma."

Mimi nilishindwa kumwambia ndugu yangu wa tumbo moja. Yeye kawaambia maabara nzima.

Nimekwenda kwa Yonathani jioni hiihii. Nimemwambia ukweli. Kacheka kidogo, basi.

Alhamisi, 17 Julai
Anarudia leo. Baridi kali, ukungu haujaondoka mpaka saa sita. Sikulima chochote cha maana.

Jumanne, 12 Agosti
Kafaulu.

Kanipigia simu nikiwa shambani. Nikakaa chini palepale kwenye tuta. Baadaye nimegundua nilikalia miche ya kabichi. Katoka kazini akapitia kwa katibu na matokeo na risiti. Mzee kayasoma mara mbili, kamwambia hongera, kapiga muhuri. Naomi anasema alikuwa kama anataka kutabasamu.

Jumatano, 27 Agosti
Fedha imeingia benki. Yote, ila gharama za safari na vitabu hawahusiki nazo. Hizo ni zetu. Naomi kalipa ada ya mwaka wa pili leo leo, kabla ya kununua hata sukari.

Yonathani kauliza itakuwaje akipata kazi nzuri zaidi Tanga na ile miaka miwili inamshika. Naomi kamjibu kwa heshima, yeye ni shemeji yake mkubwa: "Kaka, walinisubiri nilipofeli. Nami nitawasubiri." Yonathani kaomba chai.

Jumapili, 31 Agosti
Chuo kimefungwa wiki mbili. Hakuna kitabu mezani. Baada ya ibada tumekaa nje juani kumenya viazi. Tulikuwa tumesahau namna ya kuzungumza mambo ya kawaida. Tukazungumza juu ya paa la jirani.

Katikati ya maneno kasinzia, kisu mkononi. Nimekichukua taratibu. Nimemalizia viazi vyote mwenyewe.